Siku Mbili Nilizomwomba Baba Yako

Skuta, Nyeri
Jumamosi mchana

Nafula mwanangu,

Umeenda Othaya kumuaga nyanya yako na najua utachelewa, maana hatakuachilia kabla hujala ukashiba. Nimefunika cherehani, nimeketi mezani na daftari lako la zamani, lile lililobaki na kurasa nyeupe. Mambo ya blanketi, ya kufuli la sanduku, ya kuchemsha maji, hayo nimekwisha kukuambia mpaka umenichoka. Hapa sitayarudia. Hapa nataka kukuambia jambo ambalo ningekuambia uso kwa uso kama ningekuwa na moyo mgumu kidogo. Tangu barua ya chuo ifike nimejaribu mara nne. Kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nitakupa barua hii mkononi kesho asubuhi kabla basi halijaondoka. Nakuomba uisome kabla hujafika Nakuru. Kwa nini Nakuru, utaona.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Baba yako alikuja na Kibukusu chake kutoka Kimilili, mimi nilikuwa na Kikuyu changu, na hatukuwa na pengine pa kukutana. Baada ya yeye kuondoka ningeweza kukulea kwa Kikuyu kama wanawake wengine hapa. Sikuweza. Nadhani hicho ndicho kitu kimoja cha kwake ambacho sikukunyang'anya.

Jambo lenyewe ni hili. Bangi iliyopatikana katika nyumba yetu kwenye laini ya polisi, ile iliyomfunga baba yako, haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Niliipanda mimi, nikaichagua mimi, nikaianika mimi. Yeye hakuvuta hata mara moja, wala hakuuza hata jani.

Nimeandika sentensi hizo nikainuka nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Sasa nimerudi.

Unajua kwamba nilipokuwa msichana nilifanya kazi kwenye kitalu cha pareto upande wa Mweiga. Hilo nimekusimulia mara nyingi kwa sababu ndilo jambo la maisha yangu ambalo sikulionea haya. Nilianza kama mchumaji wa maua, na shule yangu iliishia darasa la nne. Mzungu aliyekuwa msimamizi aliona kwamba nikichambua maua sikosei. Akanipa lenzi ndogo ya mkono, ya kukunja, akanionyesha kwamba dawa ya pareto ile inayoua wadudu haimo kwenye petali nyeupe watu wanazozisifu. Imo kwenye vitezi, vifuko vya utomvu vidogo sana vilivyokaa juu ya ngozi ya mbegu changa, vidogo hata macho peke yake hayavioni. Kazi yangu ikawa kuvitazama. Mche huu una vitezi vingi, ule una vichache. Huu tuuzalishe, ule tuung'oe. Akanifundisha kufunga uzi wa sufu wa rangi kwenye kila mche ili nisisahau nani ni mtoto wa nani. Alisema mmea usiuamini kwa urefu wake wala kwa uzuri wake, subiri watoto wake, kisha utajua ulikuwa na nini.

Miaka miwili baada ya uhuru yule Mzungu alirudi kwao. Akaja kijana wetu mwenye diploma. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza cheti changu kiko wapi, nikasema sina, akanirudisha kwenye kuchuma. Alikuwa akipita kati ya mistari akitaja majina ya Kilatini, nami nilijua kwamba miche anayoiacha ndiyo ya kung'olewa. Nikaacha kazi. Lenzi nilikuwa nimeachiwa na yule Mzungu, nikaondoka nayo.

Wakati huo nilikuwa nimeshajuana na baba yako. Alikuwa konstebo, mrefu, mpole, mtu wa kucheka bila sauti. Nyanya yako hakumtaka. Alisema, "Huyo mtu wa kutoka huko, siku moja atakuacha na mtoto aende kwao." Kumbuka maneno hayo, maana mimi niliyafanya yawe kweli.

Tulipewa nyumba kwenye laini, makazi ya askari hapa Nyeri. Chumba kimoja, jikoni, na dari ya mbao chini ya mabati. Wake wa polisi walikuwa na vishamba bondeni kando ya kijito, vya sukuma wiki na mahindi. Nami nikapata changu. Nililima, nikapika, nikapiga pasi kaptura na shati, na moyoni nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilikuwa na macho yasiyo na kazi.

Siku moja baba yako alirudi kutoka msituni. Walikuwa wamekwenda kukata bangi iliyopandwa kwenye uwazi juu kule, upande wa Mlima Kenya. Alivua sweta akanipa nifue. Vidole vyangu vikanata. Nikavinusa, nikasikia harufu nzito, kama ya msonobari uliochanganyika na limau lililoanza kuharibika. Kwenye kola kulikuwa na jani dogo limeshikamana. Nikalichukua, nikaenda mlangoni kwenye mwanga, nikaliweka chini ya lenzi.

Nafula, utakwenda kufundishwa haya na watu wenye shahada, nao watakupa majina yake sahihi. Mimi nakwambia nilichokiona. Niliona vijiti vidogo vimesimama, na juu ya kila kijiti kichwa cha mviringo kama cha pini, kinang'aa kama tone la maji. Vilikuwa vingi. Nilipogusa kimoja kwa ncha ya sindano kilipasuka, kikatoa utomvu. Kwenye pareto nilikuwa nikivitafuta vitezi kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Hapa vilisimama wazi, kama vinangoja kuhesabiwa. Nilikaa pale mlangoni mpaka maharagwe yakaungua.

Ndani ya mfuko wa kabuti lake nikapata mbegu saba. Nilijua ni za nini. Nilijua mume wangu ni nani na kazi yake ni gani. Nikazifunga kwenye kitambaa.

Nilizipanda bondeni, kwenye kipande kilichoachwa na mke wa koplo aliyehamishwa, nyuma ya mahindi na migomba. Nani angetafuta bangi kwenye mboga za polisi? Nilijiambia nitaiacha ikue kidogo nione, kisha nitaing'oa. Ilipokua nikajiambia nitaona maua. Ilipotoa maua nikaona kwamba mche mmoja una vichwa vingi kuliko mingine, na hapo ndipo nilipopotea. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta uzi wa sufu.

Nilikaa na mimea hiyo misimu minne. Nilijifunza kwamba vichwa vile vinakuwa angavu kwanza, kisha vinakuwa vyeupe kama maji ya kuoshea mchele, kisha vinapata rangi ya chai. Nilijifunza kwamba dume hana vitezi vya kutosha kumtambua. Ukimtazama huoni kitu. Yule Mzungu wa pareto alikuwa amenifundisha sawasawa: ilibidi nichukue chavua ya kila dume peke yake, niipake kwenye jike moja, nifunge tawi hilo kwa mfuko wa karatasi ya mkate, nipande mbegu, ningoje binti zake. Niliendesha kitalu changu mwenyewe pale bondeni, mwanamke wa darasa la nne, na hakuna mwenye diploma aliyekuja kuniuliza cheti. Ningeweza kukudanganya kwamba ilikuwa shida ya pesa. Ungenihurumia. Lakini tulikuwa tunakula vizuri. Ilikuwa kiburi.

Bangi ikipandwa lazima iende mahali. Kulikuwa na mtu mmoja, Njogu, mwenye lori la kubeba mchele kutoka Mwea. Alikuwa akiwauzia wake wa polisi mchele uliovunjika. Nilimwonyesha kidogo, naye akawa anachukua. Siku moja aliniambia akicheka kwamba mfanyakazi mmoja wa kinu cha mchele alivuta yangu akakaa siku nzima juu ya magunia hajui jina lake, na mkewe akaja akamwongoza nyumbani kwa mkono kama kipofu.

Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Alivuta ya uzi mwekundu au ya buluu?"

Sikuuliza kama yule mtu alipona. Mpaka leo sijui. Nimewahi kuamka asubuhi na swali hilo mdomoni, na hakuna wa kumuuliza.

Ukazaliwa wewe katika msimu wa tatu, wakati wa mvua, ndiyo maana baba yako akakuita Nafula. Nilikuwa nakubeba mgongoni kwenda bondeni. Kulikuwa na mche mmoja wa uzi wa buluu, mjukuu wa ile mbegu ya kwanza nzuri, ambao sijawahi kuona mfano wake. Vijani vyake vidogo karibu na mbegu vilikuwa vyeupe kwa vichwa, kama nyasi za Mweiga asubuhi ya Julai baridi ikishika. Siku moja nilikulaza juu ya gunia nikauinamia na lenzi. Ulilia. Nilikusikia. Nikamaliza kuhesabu kwanza. Nilipogeuka, siafu walikuwa wameanza kupanda mguu wako. Baba yako alipoona mguu umevimba nilimwambia ni mbu.

Sasa nakuja kwenye zile siku mbili.

Mwisho wa msimu wa nne mvua iliwahi. Nilikata mimea yote nikaipandisha kwenye dari ya nyumba, chini ya mabati, kwa sababu huko kulikuwa na joto. Baba yako alikuwa ametumwa Mwea kulinda mchele wakati wa mavuno, na hakutarajiwa mpaka wiki iliyofuata. Alirudi Ijumaa mchana. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mama Nafula, hii harufu ni ya nini?"

"Kuna mboga imeozea nyuma."

Alinitazama. Alikuwa amekata bangi msituni miaka mingi. Akavuta kiti, akapanda, akasukuma ubao wa dari. Alisimama juu ya kiti hicho muda mrefu, kichwa kiko ndani ya giza la dari, nami naona miguu yake tu na viatu vyenye tope la Mwea. Aliposhuka hakupiga kelele. Aliketi.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Umeipanda wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, hata mbegu za kwenye kabuti. Alisikiliza akiwa amekushika mapajani, unavuta vifungo vya shati lake.

"Kwa nini, Wanjiru?"

"Nilitaka kuona kama naweza."

"Sasa umeona?"

"Nimeona."

"Basi jioni hii tunaichoma. Nitachimba shimo nyuma, tuseme tunachoma takataka."

Hapo, mwanangu, ndipo ningepaswa kusema ndiyo. Mtu ambaye angeweza kunipeleka kituoni alikuwa ananiambia nichukue kiberiti. Nami nikaanza kumwomba. Nilimwambia ichomwe yote isipokuwa mche mmoja. Nilimwambia mbegu za mche wa uzi wa buluu bado hazijakauka, nikizitoa sasa zitaoza, na sitapata nyingine kama hizo maisha yangu yote. Nilimwambia sitapanda tena, nataka tu kuwa nazo. Nilimpigia magoti.

"Nipe siku mbili tu."

"Wanjiru, hii ni laini ya polisi."

"Siku mbili. Baba Nafula, sijawahi kukuomba kitu."

Hilo lilikuwa kweli, naye alijua ni kweli. Alifumba macho kidogo. Akasema tukianza kuchoma nusu na kubakiza nusu, moshi utaita watu mara mbili, kwa hiyo yote ingoje tuichome mara moja. "Jumapili jioni," akasema. "Jumapili jioni sitaki kuona hata jani."

Jumapili asubuhi mkubwa wa kituo aliamua kukagua nyumba zote. Haikuwa kwa ajili yetu. Mablanketi yalikuwa yameibwa stoo, akataka kuona yako kwa nani. Walikuja watatu. Walitazama chini ya kitanda, wakafungua sanduku, kisha mmoja akainua pua. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, wewe kiunoni mwangu, umeshika kilemba changu.

Walipoiteremsha ilijaa sakafuni mpaka mlangoni.

"Hii ni nini, Wekesa?" mkubwa akauliza. Alimpenda baba yako. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba apewe jibu zuri.

Baba yako alisimama wima kama yuko gwarideni. "Ni yangu, afande."

"Yako?"

"Niliileta kutoka msituni. Nilitaka kuuza. Mama hajui kitu, alikuwa kwao Othaya."

Mkubwa akanigeukia. "Mama, wewe ulijua?"

Baba yako hakunitazama. Alitazama ukutani.

Nikasema, "Sikujua."

Nimeishi na neno hilo karibu miaka ishirini. Neno moja, na halikutoka kwa shida hata kidogo. Lilitoka kama mate.

Alipokuwa mahabusu nilikwenda kumwona mara moja kabla ya kesi. Nilimwambia nitasema ukweli. Akaniambia, "Nyamaza. Mmoja wetu akae na mtoto, na mimi siwezi kumnyonyesha." Miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa sababu mume wangu aliniamuru. Nimejichunguza vya kutosha kujua kwamba si hivyo. Mambo mengine mengi aliyoniambia sikuyatii. Hili nililitii kwa sababu lilinifaa.

Alifukuzwa kazi, akafungwa. Njogu sikumwona tena, na mchele uliovunjika nikawa naununua sokoni. Sisi tuliondolewa kwenye laini, tukaja hapa Skuta, nikajifunza kushona.

Na kuna kitu kingine, ambacho nilikuwa nimeamua kukificha, kisha nimeona kwamba nikikificha hiki barua yote itakuwa na harufu yake. Jumamosi ile, kabla ya ukaguzi, nilikuwa nimetoa mbegu chache za ule mche wa buluu kuzijaribu kama zimekauka. Zilikuwa kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa aproni yangu wakati baba yako anasema "ni yangu." Nilihama nazo. Baba yako akiwa gerezani, mimi nilikuwa na zile mbegu kwenye mkebe wa majani ya chai, na mara kwa mara nilikuwa nikizimwaga kiganjani nizitazame. Miezi mingi. Nilizitupa chooni siku uliyoanza kutembea, kwa sababu ulitembea moja kwa moja mpaka kwenye ule mkebe. Lenzi niliitupa pamoja nazo.

Alitoka ulipokuwa darasa la kwanza. Alikuja Jumapili, wewe uko kanisani na watoto wengine. Nilifungua mlango nikamwona amekonda, amevaa koti la mtu mwingine.

"Nafula yuko wapi?"

"Yuko kanisani."

"Nitamngoja."

"Usimngoje," nikamwambia. "Watu wameanza kusahau. Nimepata kazi ya kushona yunifomu za shule. Wakikuona hapa wataanza tena."

"Wataanza na mimi, si na wewe."

"Mimi ndiye niko na mtoto."

Kisha akauliza, "Anafanana na nani?"

"Na wewe."

Alicheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Aliomba maji, akanywa akiwa amesimama, akanirudishia kikombe. "Basi mwambie nilifika." Akaenda kwao Kimilili.

Sikukuambia. Ulirudi ukiwa na picha ya Nuhu uliyoipaka rangi, ukauliza kikombe cha nani kiko nje, nikasema cha jirani.

Halafu ikaja ile siku ya darasa la tatu. Nadhani unaikumbuka. Ulirudi umekunja ngumi, wasichana walikuwa wamekuita mtoto wa bangi. Uliniuliza hapa hapa penye meza hii, "Mama, ni kweli baba aliuza bangi?" Nilikuwa na nguo ya mtu chini ya sindano. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Ndiyo." Uliingia chumbani, ukaiondoa ukutani picha yake ya yunifomu, na tangu siku hiyo hujalitaja jina lake. Niliona nafuu. Nakwambia ukweli, niliona nafuu, kwa sababu usipouliza sitajibu.

Yeye hakunyamaza. Aliandika kwa anwani ya kanisa. Barua sita. Sikujibu hata moja, lakini sikuzichoma, na nimeziweka chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya foronya. Zimeandikwa kwako, si kwangu. Nilizifungua. Nisamehe na kwa hilo.

Matokeo yako yalipotoka, majirani walijaa humu ndani. Ulisimama ukawaambia kwamba umechagua kilimo, kuzalisha mbegu bora, kwa sababu mama ndiye aliyekufundisha kutazama mmea mpaka uuone. Wakanipigia makofi. Nilikwenda jikoni nikasimama nimeshika ukuta. Kisha ukajaza fomu za chuo, ukaziacha mezani. Mahali pa jina la baba uliandika "marehemu". Mwandiko wako haukutetemeka. Mimi sikuwahi kukuambia amekufa. Ulimzika mwenyewe kwa sababu ya neno langu moja, ili uweze kupita.

Siku hiyo ndipo nilipomwandikia. Nilimwambia umepata nafasi, na kwamba nataka kukuambia ukweli. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ana shamba dogo la mahindi. Ana mke na watoto watatu, kwa hiyo una ndugu. Aliandika, "Usimwambie kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea. Mwambie kama itamsaidia yeye." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Sijui kama itakusaidia. Huenda kesho ukanichukia kwenye basi lililojaa watu na huna pa kulia. Lakini nimechoka kukuamulia kile unachoweza kukibeba, maana kila nilipokuamulia nilikuwa najiamulia mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Othaya nikamwambia nyanya yako. Alikuwa anachambua kahawa. Aliacha mikono imelala ndani ya karai. Alisema, "Nilimkataza yule mtu asikanyage kwangu, miaka hii yote." Halafu hakusema kitu kingine mpaka nikaondoka. Kama leo umemkuta kimya, si kwamba amekukasirikia.

Jumatatu nitakwenda kituoni niandikishe kwamba bangi ile ilikuwa yangu. Huenda wakanicheka, wale waliokuwepo wote wamestaafu au wamehamishwa. Huenda wasinicheke. Likitokea lolote, usirudi. Kaa ukasome. Nakuambia haya kwa sababu najua wewe ungerudi.

Sina mafundisho ya kukupa kuhusu kazi yako. Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Jambo moja tu nimelijua kwa gharama ambayo mwingine aliilipa: kuna furaha ya kujua kitu ambacho wengine hawakioni, na furaha hiyo haiulizi kitu hicho kinakwenda wapi wala kwa nani. Inataka siku mbili zaidi, kila mara siku mbili zaidi. Itakujia, kwa sababu nimeiona usoni mwako ukiinamia maharagwe ya majaribio pale nyuma ya nyumba. Ikikujia, inua kichwa umwangalie aliye karibu nawe. Mimi sikuinua.

Sasa Nakuru. Basi lenu litasimama hapo watu wale chakula kabla ya kwenda Njoro kwenye chuo chako. Baba yako atakuwa hapo stendi, karibu na wauza magazeti. Ana mvi sasa, ameniambia, na atavaa sweta ya kijani. Nimemwambia kwamba huenda usishuke. Amesema hata kama ni hivyo, atalitazama basi likipita. Huna deni la kushuka. Ukibaki kwenye kiti chako hakuna atakayekulaumu, mimi wa mwisho kabisa.

Katika barua yake aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza kama nimejuta. Hakuuliza kama utamsamehe, maana hakuna alichokukosea. Aliuliza kama unajua kwamba hakukuacha.

Nilimjibu kwamba hujui.

Sasa unajua.

Ni mimi mama yako, aliyekuzaa na kukuficha baba,
Wanjiru